Mzigo Niliofunga Mchafukoge

Sijamwona mtu anayenishinda kufunga mzigo. Najua watu wenye adabu husubiri kusifiwa, lakini mimi nimesubiri vya kutosha, acha nijisemee. Baba yangu ana duka la maturubai Kariakoo, na mimi nimekaa kwenye cherehani ya pili tangu nimalize shule. Tunashona maturubai ya malori, ya vibanda vya biashara, mahema ya harusi na ya misiba. Mtu aliyezoea kukunja turubai la lori mpaka likaenea kwenye kiti cha bajaji, begi la safari halimsumbui.

Mzigo ninaojivunia kuliko yote niliufunga sebuleni kwetu, ghorofa ya tatu, Mchafukoge, tulipokuwa tunakwenda kuwinda pofu bila mwongozaji. Pofu ni yule mnyama mkubwa wa ukoo wa swala, dume lake ni zito kuliko ng'ombe wengi, na ana pua ambayo sitaki kuisifu sana kwa sababu imenitesa. Tulimpata, nisimweke mtu roho juu. Nyama ililiwa, ikagawiwa majirani, ikaisha. Wiki ile ya kufunga mzigo mnyama hakuwa shida yangu. Kibali kilikuwepo, bunduki ilikuwepo, nafasi kwenye gari ilikuwepo. Sikuwa na radhi za mama. Na kwetu, hata uwe umeolewa, ukaachika, ukarudi nyumbani na mvi mbili tatu kama mimi, safari ya namna ile huendi kama mama hajasema nenda.

Ningeweza kwenda kibabe. Gari ni gari, linawaka tu. Lakini mkono unalengaje shabaha wakati unajua nyumbani kuna mtu umemwacha na kinyongo? Nilitaka kwenda, niseme wazi, nilitaka kuliko nilivyotaka harusi yangu. Na nilitaka kwenda mama akiwa ameridhika.

Baba amewinda tangu sijazaliwa, kwa kibali cha wenyeji kinachotolewa na serikali, mnyama mmoja kwa msimu, nyama ya nyumbani na ya jirani. Mwenzake ni mfanyabiashara kutoka Kilimanjaro anayeuza mabomba na koki mtaa wa pili kutoka dukani kwetu, na nyumba yake iko Upanga. Mmoja ni Mwislamu wa pwani, mwingine Mkristo wa mlimani, na ukiwasikia wanavyobishana utadhani kesho hawatasalimiana. Mimi namwita baba mdogo, ingawa damu hatushei. Kila mwaka walikuwa wanakodi mwongozaji huko kijijini, mzee mmoja aliyewatafutia nyayo, akawapigia kambi, akawapikia na chai. Mwaka ule mzee akatuma salamu kwamba magoti yamechoka, watafute mwingine.

Hapo ndipo baba aliposema lile neno. Tulikuwa dukani, yeye akipapasa mshono kwa vidole, kwa sababu macho yake siku hizi yana ukungu. Kushona bado anashona, kulenga hawezi. Baba mdogo naye hajawahi kulenga kitu akakipata zaidi ya sahani ya ndizi nyama. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda na baba kwenye uwanja wa shabaha miaka yote, mwanzoni kumbebea begi, baadaye kwa leseni yangu mwenyewe, na pale uwanjani wanaume wameshazoea kutazama pembeni zamu yangu ikifika.

"Mwaka huu tunajiongoza wenyewe," baba akasema. "Askari wa wanyamapori atatukuta kijijini kukagua kibali, lakini kumtafuta mnyama ni shauri letu. Mzigo unafunga wewe. Na risasi unapiga wewe."

Nilishona mshono uliofuata ukaenda upande, nikaufumua.

Mama alipoambiwa hakupandisha sauti. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Mtoto wa kike akalale porini kwa sababu ya nyama? Nyama imejaa Kariakoo, inaning'inia mpaka barabarani."

"Si nyama tu, mke wangu," baba akasema.

"Basi nendeni nyie wenye hicho ambacho si nyama. Yeye sijamruhusu."

Baada ya hapo akaninyamazia. Mama yangu akikasirika hakunyimi kitu, anazidi kukuhudumia. Nilipata chapati laini, nilipata samaki wa kupaka sehemu ya tumbo, nilipata chai ya tangawizi kabla sijaiomba, na vyote viliwekwa mbele yangu na mtu asiyeniangalia usoni. Afadhali angenitukana.

Ni lazima nimweleze mama yangu, la sivyo kilichofuata hakitaeleweka. Mama anatengeneza udi. Anapika sukari na marashi, anachanganya na vipande vya udi na sandali na vitu vingine ambavyo hata mimi hajaniambia, na wateja wake wanatoka mpaka ng'ambo. Wanavuka kivuko cha Magogoni asubuhi kuja kununua, wanarudi Kigamboni wananukia. Pua yake ni ya kutisha. Akiwa jikoni kwake ghorofa ya tatu anaweza kusema jirani wa chini leo kakaangia mafuta yaliyokaa, na ukishuka kumwuliza jirani utakuta ni kweli na amekasirika. Nyumba yetu watu wanaipata kwa harufu. Ukiwaelekeza wageni unawaambia pandeni ngazi mpaka mnukie.

Basi nikafunga mzigo huku nyumba imenyamaza.

Kariakoo, ukiwa unajua unachotaka, ni soko zuri kuliko yote. Ukiwa hujui, litakuamulia lenyewe na utarudi nyumbani na feni. Mimi nilijua. Kamba nilinunua Mtaa wa Kongo, ile ya katani iliyosokotwa, kwa sababu ya nailoni inateleza mkononi ikiingia damu. Kijana wa kamba akanitazama ninavyopima kwa mikono iliyonyooshwa, akacheka.

"Dada, kamba yote hiyo, unahama?"

"Naenda kuwinda."

"Kuwinda mume?"

"Huyo nilishampata. Nikamwachia aende zake."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na mwenye kamba akaniongezea pande la bure kwa ajili ya huyo wa pili, akasema. Nikalipokea. Ndilo tulilolitumia kumfunga pofu miguu ya nyuma.

Nilinunua chumvi ya mawe kwa ajili ya nyama ya kukausha, viroba vipya visivyowahi kubeba unga wala mbolea, madumu ya maji ambayo niliyajaza na kuyageuza usiku kucha juu ya kitambaa nione kama yanavuja. Visu nilipeleka kwa fundi anayenoa kwa jiwe la kuzungushwa na baiskeli, nikasimama juu yake mpaka akamaliza. Kisu kwetu ni jambo kubwa. Nyumbani kwetu mnyama asiyewahiwa kuchinjwa haliwi, hata kama umemfukuzia kutwa. Mwaka mmoja kisu kilibaki garini. Mnyama akaanguka, na mpaka mtu anakimbia kukileta alikuwa ameshakufa. Baba alirudi mikono mitupu, baba mdogo akarudi na nyama yote, na baba hakumsalimia vizuri mpaka Krismasi. Kwa hiyo nilishona ala ya turubai ya kukaa kiunoni kwa mpiga risasi, si kwenye begi la mtu wala kwenye gari. Niliishona mara mbili kwa uzi wa nta.

Begi langu la mgongoni nililibuni mwenyewe. Begi la dukani lina vibizimu na zipu, ukitembea linapiga kelele kuliko muuza kahawa. La kwangu halina hata kipande kimoja cha chuma. Linafungwa kwa vifungo vya mti nilivyochonga kutokana na mpini wa ufagio uliovunjika, na mikanda yake nimeitia pamba ndani. Baba alilishika, akalipapasa kila mshono, akaishia kusema "mh." Kwa baba, hiyo "mh" ni sherehe.

Tatizo lilikuwa nguo. Mtu wa Dar hana nguo ya baridi, na porini mwezi wa saba baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Nikachagua makoti ya mtumba Ilala, ya rangi ya majani makavu, na masweta, na suruali nzito. Mtumba una harufu yake ile ya dawa, unaijua. Nikazifua kwa maji na majivu kidogo, nikazisuuza, nikazianika juu ya paa mpaka zikawa hazina harufu ya kitu chochote. Nilizifanyia hivyo kwa sababu mwindaji yeyote atakwambia: pofu hakuoni kwanza, anakunusa. Mama sikumwambia. Tulikuwa hatuongei, ningemwambia saa ngapi? Nikazikunja kwenye mfuko wake wa turubai, nikauweka kwenye mstari pamoja na mifuko mingine kando ya ukuta wa sebule, nikarudi nyuma hatua chache kuutazama mstari wangu. Ulipendeza. Nilisimama pale kama mtu aliyejenga nyumba.

Ukaguzi ulikuwa Ijumaa baada ya swala. Huo ni utaratibu wa baba: mzigo wa porini hauondoki nyumbani bila kumwagwa wote kwenye mkeka na kuulizwa kazi yake, kimoja kimoja. Baba mdogo alikuja kutoka Upanga na kiroba chake mkononi, akiwa amevaa shati la kanisani kwa heshima ya siku.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Naona umefunga kwa ajili ya jeshi."

Baba akakaa kwenye mkeka. Macho hayamsaidii, kwa hiyo alikagua kwa mikono na masikio. Alichukua begi langu akalitikisa karibu na sikio, akasubiri, akalitikisa tena kwa nguvu. Kimya. Akamgeuzia baba mdogo uso kama mtu aliyeshinda kesi. Akanyoosha mkono.

"Hiki cha nini?"

"Kitambaa cha pamba cha kufunika nyama nzi wasitue, na inapumua."

"Na hiki?"

"Unga wa majivu kwenye kichupa. Nikikiminya naona upepo unakoelekea."

"Na hii sufuria, kwa nini moja?"

"Kwa sababu baba mdogo akiona mbili anapika mara mbili."

Baba mdogo akalalamika, baba akacheka mpaka akajifuta macho. Hakukuta kitu cha kutoa wala cha kuongeza. Nilijibu kila swali, na ninaweza kusema kwamba nilianza kufurahia mno, nikawa najibu kabla ya kuulizwa. Kwa pembe ya jicho niliona pazia la jikoni linacheza. Mama alikuwa nyuma yake, anasikiliza.

Ukabaki mfuko wa nguo. Baba akavuta kamba, mdomo ukafunguka, na udi ukaijaza sebule.

Haukuwa udi wa kuuza. Ulikuwa ule mwingine, ambao mama anaufungia kwenye kopo la maziwa ndani ya kabati, wa maharusi wa ukoo na wa asubuhi ya Idi. Kila koti lilikuwa limefukizwa nje na ndani, mikono, kola, mpaka mifuko. Katikati ya masweta nikakuta kikuba cha asumini na mrehani, kibichi, kimefungwa kwa uzi mweupe. Ni lazima alifanya asubuhi ile nilipokuwa dukani. Alikuwa amefungua mfuko, akakuta nguo za mwanawe hazina hata harufu moja, nguo za mtu asiye na mama, na hakuweza kuvumilia.

Kwetu nguo za msafiri hufukizwa na mtu aliyemruhusu kuondoka. Hafukiziwi mtu asiyeruhusiwa. Mama alikuwa amesema nenda, kwa njia pekee ambayo haikumlazimu kuniangalia usoni. Machozi yalinijia pale pale kwenye mkeka, ya furaha tupu, na huku yanatoka nikajua kwamba nguo zile haziwezi kukaribia pori lenye pofu.

Baba naye alinusa. Na kwa sababu alikuwa amestarehe na amechekacheka, mdomo wake ukasema kilichozoeleka.

"Kama kawaida. Zipelekwe Upanga."

Pazia likafunguka. "Upanga kuna nini?" mama akauliza.

Sijawahi kuona wanaume wawili wazima wakitazama mkeka kwa makini namna ile.

"Shemeji," baba mdogo akaanza, "mimi nilitaka kukwambia tangu mwaka wa kwanza."

"Mwongo huyu," baba akasema. "Yeye ndiye aliyetoa wazo."

Ikatoka yote. Miaka yote ya uwindaji wa baba, mama alikuwa anamfukizia nguo za safari, na baba alikuwa anatoka nazo Mchafukoge anazipeleka Upanga, ambako mke wa baba mdogo anazifua upya kabla ya safari. Hawakumwambia, baba alisema, ili wasimvunje moyo. Hata mwaka huu nguo zake zilikuwa zimeshakwenda na kurudi. Ndizo zilizokuwa kwenye kile kiroba.

"Kwa hiyo udi wangu," mama akasema polepole, "miaka yote hiyo, unamwagwa kwenye ndoo Upanga."

Baba mdogo akavuta kiroba chake nyuma ya mguu.

"Na wewe ulijua?" Hapo sasa ndipo aliponitazama, kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Wallahi sikujua, mama."

"Nilikuwa nimeshakuruhusu," akasema. "Sasa nimeghairi. Watu wenyewe wanaokupeleka ndio hawa? Huendi."

Akaingia chumbani, mlango ukafungwa. Nikamtazama baba kwa hasira ambayo sikujua kama ninayo. Miaka yote ya kumkwepa mke wake, na anayelipia ni mimi. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya rafiki yake, na hakujitetea.

Kisha nikachukua koti moja, nikabisha hodi chumbani, nikaingia. Mama alikuwa amekaa kitandani anakunja khanga zilizokuwa zimeshakunjwa. Nikakaa chini karibu na miguu yake. Sikuomba msamaha kwa niaba ya wanaume, nilishachoka nao.

"Mama, jirani wa chini akikaangia mafuta yaliyokaa, nani anajua wa kwanza?"

"Mimi."

"Umeyaona?"

"Niyaone wapi, na mimi niko huku juu?"

"Basi pofu ndivyo alivyo. Hasubiri akuone. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake, ameshajua amekuja nani, kavaa nini, na ameshaondoka. Ana pua kama yako."

Mikono yake ikasimama kwenye khanga. "Kama yangu?"

"Kama yako. Mbuzi wanaweza kudanganywa. Huyu hawezi."

Akaligusa koti mikononi mwangu. "Na udi huu angeujua?"

"Kabla hatujafunga milango ya gari."

Nilimwona anaizuia midomo yake isitabasamu, na haikumtii. "Kumbe porini nako wapo wanaojua kitu kizuri."

"Wanaukimbia, mama."

"Wanaukimbia kwa kutouzoea. Hilo si kosa la udi."

Akainuka, akajifunga khanga kiunoni kwa nguvu, akatoka sebuleni na mimi nyuma yake. Hakumtazama baba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiroba cha baba mdogo, akatoa shati la kuwindia la baba, lile lililofuliwa Upanga, akalisogeza puani.

"Maua," akasema.

"Maua gani, shemeji?"

"Sabuni ya unga ya maua. Na juu yake kuna ile dawa ya kulainishia nguo." Akanusa kwapa, akanusa mshono. "Mmetoa udi wangu, mkaenda kumpelekea mnyama maua ya dukani. Na miaka ile mliyokuwa mnarudi mikono mitupu mlikuwa mnasema nini?"

Walikuwa wanasema mbalamwezi. Walikuwa wanasema mwongozaji anazeeka. Mwaka mmoja walisema tembo wamewavuruga. Baba mdogo akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha mabega yote, akasema akifika nyumbani hatamwambia mkewe neno hata moja kwa sababu anapapenda kwake. Mama hakucheka. Alikusanya nguo zote, za kwangu, za baba, na akachukua hata koti la safari la baba mdogo, alilokuwa amelitundika kwenye kiti, akazipandisha juu ya paa.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mama. Sijui kama nimewahi kumwonea fahari namna ile, hata siku wanawake wa Kigamboni walipopanga mstari kwenye ngazi zetu kabla ya Ramadhani. Alifua kwa maji ya moto na majivu ya mkaa wa jikoni aliyoyachekecha kwa kitambaa, akasuuza, akanusa. "Bado." Akarudia. Nilinusa mimi, sikusikia kitu. Nilimpa baba, hakusikia kitu. "Nyie mna pua za mapambo," mama akasema, akatumbukiza tena. Nguo zilipokuwa kwenye kamba, harufu ya samaki ikaanza kupanda kutoka chini. Akashuka ngazi zote na miguu yake hiyo inayomuuma, nikamsikia akigonga.

"Jirani, nakuomba hao samaki wasubiri mpaka alasiri. Binti yangu ana nguo za kuwindia juu, anakwenda kupiga pofu."

"Anakwenda kupiga nini?"

"Pofu. Mnyama mkubwa. Baba yake haoni, ndiyo anakwenda yeye."

Mimi nilikuwa nimeinamia ukingo wa paa na ndoo mkononi, na nilisikia kila neno. Sauti yake ilikuwa ile anayoitumia kwa wateja wanaotaka kupunguziwa bei. Jioni majirani walikuwa wameshakuja mmoja mmoja kuulizia, wengine kwa udadisi, wengine kuagiza nyama mapema, na mama aliwapokea wote mlangoni kwa kidole mdomoni na kuwazuia wasiingie kwa sababu ya mafuta yao ya nywele.

Lakini mimi hakuniambia nenda. Alifua, alianika, alikunja, alitupa kikuba cha asumini dirishani kwa mkono wake mwenyewe, na lile neno hakulisema. Alikuwa ameghairi kwa kinywa chake, na kwa kinywa chake hajarudisha. Nilirudisha nguo kwenye mfuko, mfuko kwenye mstari. Baba aliniuliza kwa macho, nikamtikisia kichwa.

Tulikuwa tuondoke kesho yake baada ya alfajiri. Pikapu ya baba mdogo ilikuwa inanguruma chini, mtaa bado mtupu, muuza maandazi ndiyo kwanza anawasha jiko. Nilibeba mifuko yangu kuishusha, mmoja mmoja, na hakuna uliogonga ukuta wala kutoa sauti. Baba alikuwa ameshakaa kwenye gari na mkongojo wake katikati ya magoti. Nikapanda mara ya mwisho kuchukua begi la mgongoni. Nilikuwa nimevaa koti langu, kisu kiunoni, na nilikuwa nimeshaamua kwamba asiposema nitashusha kila kitu, nirudi kwenye cherehani, na sitamlaumu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, nywele amezifunga, jikoni kwake siku hiyo hakujachomwa kitu. Akanivuta kwa kola. Akaweka pua yake shingoni mwangu, nyuma ya sikio, akavuta pumzi. Akanusa nywele. Akachukua viganja vyangu, akavinusa kimoja kimoja, ndani na nje, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo kujua kama nimekula bila kunawa. Baba mdogo akapiga honi huko chini na mama akasema, "Asubiri," bila kuinua kichwa. Alinusa koti mbele, akanigeuza, akanusa mgongo.

Akanigeuza tena tukatazamana. Macho yake yalikuwa yamejaa, na alikuwa amesimama wima kabisa.

"Hunuki wala hunukii," akasema. "Nenda mwanangu. Radhi zangu unazo zote."